Siku Moja Maishani Mwangu: Mhandisi wa Mvuke, Olkaria

Saa 11 alfajiri. Basi la kazini hunichukua Naivasha mjini, Kenya, kunipeleka Olkaria, ambako tunazalisha umeme kwa mvuke wa joto la ardhini. Tunafuata barabara ya kusini mwa ziwa, kati ya mashamba ya maua, hadi moshi mweupe wa visima uonekane.

Saa 1 asubuhi. Shifti ya usiku inakabidhi kitabu. Kabla ya megawati, yaani kiasi cha umeme, nauliza maji: kiwango kwenye mitungi ya kutenganisha kimekaaje? Wengi hudhani tunaogopa moto. Tunachoogopa ni tone la maji. Kisima chenye kina cha kilomita mbili au tatu hutoa mvuke uliochanganyika na maji, na mtungi huvitenga ili mvuke mkavu tu ufike kwenye mashine ya kuzalisha umeme. Mapanga yake huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, tone hula chuma.

Saa 3. Tunakwenda visimani, kila mtu na kipima gesi kifuani. Haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu itokayo visimani, ikizidi, pua huacha kuisikia; kuitegemea pua ni kujiua.

Kwenye bomba la mvuke, mzee fundi anasimama penye mtego wa maji, kifaa kinachotoa maji yaliyobaki bombani. "Injinia, huu umenyamaza."

Naweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni. Mtego unaofanya kazi hutema maji kwa vipindi, chwa, kimya, chwa. Huu hausemi kitu. Tunafunga vali, tunatia kufuli, tunasubiri upoe. Ndani, silika, madini yatokayo kwenye miamba, imeganda nyeupe, ngumu kama kigae. Silika husafiri na maji, kwa hiyo kuziba huku kunatuambia jambo: mtungi ulio juu yetu unapitisha matone. Tunapanda kuushughulikia.

Saa 7. Ugali, sukuma, chai. Haraka.

Saa 9. Wanafunzi wa mafunzo ya kazini wananiuliza kwa nini nilichagua mvuke. Nawaambia mashine ya kwanza hapa iliwashwa 1981, megawati 15 tu, na kwamba mvua zikikosa na mabwawa ya umeme yakashuka, mvuke hauyumbi. Ila lazima turudishe ardhini maji tuliyoyatenga, la sivyo visima vitachoka. Nawapeleka wakakione kisima cha kurudishia. Hicho ndicho wageni huwa hawaonyeshwi.

Saa 1 usiku. Nchi nzima imewasha taa. Nakabidhi kitabu, nimeandika: "Mtego umesafishwa, unatema vizuri. Kiwango cha mtungi kimeshushwa. Usikilizeni tena saa nne."