Ramani inasema kwa nyanya ni kukavu
Wikendi nimeshinda kwa laptopu nikichora mahali maji hufika huku Ahero Mto Nyando ukifurika, natumia QGIS, programu ya kuchora ramani, juu ni ya bure, na picha za rada za setilaiti ya Sentinel-1 zenye zinaona hata kukiwa na mawingu, na msimu wa mvua huku mawingu hayabanduki. Noma ni data ya mwinuko (urefu wa ardhi) inaitwa SRTM, ilipimwa kutoka angani 2000, kila mraba ni kama mita 30, na huku uwanda wa Kano ni tambarare tupu, so katuta kadogo hakaonekani kabisa.

Ramani ikasema kwa nyanya ni kukavu. Nikaenda na futi kamba. Alama ya matope ukutani, juu kidogo ya kitanda chake.

“Mjukuu wangu, hiyo kompyuta yako imewahi kulala hapa?”