Tezi la shingoni

Mwaka 2006 ARV za bure, dawa za kupunguza makali ya VVU, zilikuwa bado ngeni kwetu Mbeya. Serikali ilianza kuzitoa mwishoni mwa 2004. Dada yangu alianza dozi CD4 zake, yaani chembe za kinga ya mwili, zikiwa 38 tu, nami nikaandikwa kuwa msaidizi wake wa dawa. Makohozi yalikuwa yamepimwa, TB haikuonekana.

Mwanzoni alipata nafuu ya kutushangaza. Akala, akaomba aongezewe ugali, akatoka mwenyewe kuota jua. Wiki ya tatu homa ikarudi, na tezi la shingo upande wa kulia likavimba hata akashindwa kugeuza kichwa. Ngozi ilivutika mpaka ikang'aa. Mama akaniita jikoni: “Baba, hizo dawa ndizo zinazommaliza. Kabla hajazimeza tezi hili lilikuwepo?” Halikuwepo, na sikuwa na la kumjibu.

Tulimpeleka CTC, kliniki ya wenye VVU, amejifunika khanga hadi masikioni. Daktari akachoma sindano kwenye tezi lenyewe, akavuta usaha mzito wa manjano, hauna hata harufu, akaupaka kwenye kioo na kuupeleka maabara. Vijidudu vya TB vilikuwemo. Akamgeukia mama: “Mama, TB hii hakuipata juzi. Ilikuwemo mwilini, ila kinga ilishuka mno, haikuwa na nguvu ya kupambana nayo. Huu uvimbe na hii homa ni kinga yenyewe imeanza kazi. Tukikatisha dozi sasa, tunampoteza.”

Naamini kilichomwokoa dada ni kwamba aliyeelezwa alikuwa mama, maana nyumbani neno la mwisho lilikuwa lake. ARV ziliendelea, zikaongezwa dawa za TB na predinisoloni ya kutuliza uvimbe. Nevirapini, mojawapo ya ARV zake, iliondolewa, kwa kuwa rifampisini ya TB huipunguza nguvu, akapewa efavirenzi ya kumeza usiku. Ilimletea kizunguzungu na ndoto za kutisha, lakini hakuruka dozi.

Inaniuma mpaka leo kwamba siku ya kuanza hakuna aliyetuonya, na hali hii ya kinga kuamka na kuleta uvimbe huwapata hasa wanaoanza dozi CD4 zikiwa chini kama zake. Tungeambiwa, mama asingekesha akiamini namlisha mwanawe sumu.

Tezi lilipasuka, likachuruzika, likachukua miezi kukauka. Kipimo cha miezi sita kilionyesha CD4 147.