Jina la Faili Katika Mradi Mkubwa wa Programu Huria

Vijana wa hapa Tanga wanaponiuliza namna ya kuanza kuchangia katika mradi mkubwa wa programu huria, huwa nawaambia wasome kwanza majina ya mafaili, kisha ndipo waingie kwenye msimbo. Ushauri huu huwashangaza, kwa kuwa wengi wao wametokea kwenye miradi midogo iliyoandikwa na mtu mmoja anayejua kila kitu kilipo. Humo faili linaweza kuitwa mpya2 au jaribio_mwisho na kazi ikaendelea. Msimbo wa Linux, kiini cha mfumo endeshi, una mafaili zaidi ya 70,000, na hakuna binadamu anayeyafahamu yote. Mahali penye wingi huo, jina ndilo linalomfikisha mgeni anakotaka kwenda, na ndilo pia linalosomwa na zana chungu nzima ambazo hazitakaa kukisia ulikusudia nini.

Hilo la zana ndilo ninalotaka kulieleza hapa. Mijadala mingi kuhusu majina ya mafaili huishia kwenye ladha: huyu anapenda kistari cha kati, yule kistari cha chini, mwingine anataka kila neno lianze kwa herufi kubwa. Ladha ina nafasi yake, lakini ni finyu kuliko watu wanavyodhani.

Kijana mmoja wa Chumbageni alikuwa akiandika kwa lugha ya Go programu ya maabara ya zahanati, na faili lililoshughulikia majibu ya vipimo vya malaria akaliita malaria_test.go. Msimbo wake ulikuwa safi, lakini kila alipoamuru programu ijengwe, kompaila, yaani zana inayogeuza msimbo kuwa programu, ilimjibu "undefined", maana yake fanksheni anayoiita haipo. Akanigeuzia kompyuta nijionee: fanksheni ilikuwa pale pale, katika folda ileile, chini ya tamko lilelile la pakiti ya Go (package). "Kaka, si hii hapa?" aliniuliza. Yeye aliiona, ila amri ya go build haikuiona, kwa sababu faili lolote ambalo jina lake linaishia na _test.go huhesabiwa kuwa ni la kuijaribu programu, na huachwa nje programu yenyewe inapojengwa. Tulipolibadilisha likawa malaria_result.go, bila kugusa hata mstari mmoja wa ndani, kazi ikakubali.

Go hailisomi neno hilo peke yake. Faili linaloishia na _linux.go hujengwa kwa ajili ya Linux tu, la _windows.go kwa ajili ya Windows tu, la _arm64.go kwa vichakataji vya aina hiyo, na faili linaloanza na nukta au kistari cha chini hurukwa kabisa. Lugha nyingine zina masharti yao. Java hudai kwamba tabaka la umma (public class) na faili lililolibeba viwe na jina moja, herufi kwa herufi. Python haikuzuii kuliita faili lako random.py au email.py, lakini siku maktaba nyingine itakapotafuta moduli rasmi yenye jina hilo, inaweza kuliokota la kwako, na kosa litatokea mbali kabisa na pale ulipoandika. Katika Chromium, mradi ambao kivinjari cha Chrome kimejengwa juu yake, mafaili ya C++ huandikwa kwa herufi ndogo na vistari vya chini. Mwisho wa jina humweleza msomaji kama faili ni la majaribio, kwa _unittest.cc, au ni la mfumo mmoja tu, kwa _win, _mac au _android. Aliyezoea mradi huo hahitaji kulifungua faili ili ajue kama linamhusu.

Suala la herufi kubwa na ndogo linastahili maelezo marefu zaidi, maana ndilo linalowasumbua watu wa kwetu ambao kompyuta zao nyingi ni za Windows. Katika folda ya netfilter ya Linux, inayoshughulika na kuchuja pakiti za mtandao, kwa miaka mingi yamekaa pamoja mafaili xt_DSCP.c na xt_dscp.c, vivyo hivyo xt_TCPMSS.c na xt_tcpmss.c. Utaratibu huo una mantiki yake: jina la herufi kubwa ni la moduli inayoifanyia pakiti jambo fulani, na la herufi ndogo ni la moduli inayokagua tu kama pakiti ina sifa fulani. Ndivyo pia zinavyoandikwa kanuni za iptables, zana ya kuchuja pakiti hizo, na anayezifahamu hulitambua faili mara moja. Shida ni kwamba utaratibu huo umetegemea mfumo wa faili unaotofautisha herufi kubwa na ndogo, jambo ambalo diski ya Mac kwa mpangilio wake wa kawaida hailifanyi. Ukinakili msimbo wa Linux kwenye Mac, faili moja la kila jozi humezwa na mwenzake, na ukiuliza kwa git status, amri ya Git (zana inayotunza historia ya msimbo), papo hapo, kabla hujagusa chochote, unaambiwa kuna mafaili yaliyobadilishwa.

Kwenye Windows, mgeni anaweza hata asifike huko. Mfumo huo umerithi kutoka MS-DOS majina yaliyotengwa kwa ajili ya vifaa, kama vile CON, PRN, AUX na NUL, na kwa muda mrefu umeyakataa kuwa majina ya mafaili hata yakiongezewa kiendelezi kama .c. Ndani ya Linux, chini ya programu-endeshi ya nouveau ya kadi za picha, kuna faili liitwalo aux.c. Git ikilifikia hulalamika kwamba njia hiyo si halali, na mtu aliyetumia bando lake lote kupakua msimbo hubaki na folda isiyo na kitu. Waandishi wa faili hilo hawana lawama, kwa kuwa Linux haijengwi kwa kutegemea Windows. Mimi humwambia anayekwama atumie seva ya Linux, au WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) huku msimbo ukiwa ndani ya diski ya Linux yenyewe, aachane na kupambana na mpangilio wa Git. Lakini mradi unaotarajia wachangiaji wa kila aina hauna kisingizio cha kuwa na majina mawili yanayotofautiana kwa herufi kubwa tu.

Mpangilio wa orodha nao huathiri majina. Desturi ya kuandika README kwa herufi kubwa, na Makefile (faili la maagizo ya kujenga programu) kwa M kubwa, inatokana na zamani ambapo amri ya ls, ya kuorodhesha mafaili, ilitanguliza herufi kubwa mbele ya ndogo. Mwongozo wa GNU Make hadi leo unapendekeza Makefile kwa sababu hutokea karibu na mwanzo wa orodha, jirani na README. Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu kwenye seva nyingi, imelitumia wazo hilo kinyume: mafaili yanayozalishwa na mashine hupewa majina kama zz_generated.deepcopy.go ili yazame mwisho wa orodha na kila mtu ajue kwamba si ya kuhaririwa kwa mkono. Sijui kanuni ya majina iliyo fupi na yenye faida kuliko hiyo.

Vistari ni uwanja wa mapambano yasiyokwisha. Kubernetes iliamua kwamba mafaili ya Go yatumie kistari cha chini na hati za maelezo zitumie kistari cha kati, yote kwa herufi ndogo. Python inalazimisha uamuzi, kwani moduli yenye kistari cha kati katika jina haiwezi kuingizwa kwa amri ya import. Linux imevumilia vyote viwili: faili la moduli huitwa snd-hda-intel.ko, moduli ikishapakiwa huorodheshwa kama snd_hda_intel, na modprobe, amri ya kupakia moduli, huyahesabu majina hayo mawili kuwa kitu kimoja.

Kwa sisi tunaotafsiri programu kwa Kiswahili, kistari ni jambo la kila siku. Kiswahili cha Tanzania ni sw_TZ katika maktaba ya glibc ya mifumo ya Linux, ni sw-TZ katika kurasa za wavuti, na katika Android folda yake ni values-sw-rTZ, ikiwa na ile r mbele ya jina la nchi ambayo kila anayeanza huisahau. Android angalau hukataa folda iliyokosewa. Java hukaa kimya: iwapo tafsiri zinapaswa kuwa ndani ya messages_sw.properties, na mtu akaliita faili messages-sw.properties, programu itarudi kwenye faili la msingi, na muuguzi aliyechagua Kiswahili ataonyeshwa Kiingereza bila onyo lolote. Tafsiri iliyofanyika na isiyoonekana inakatisha tamaa kuliko ile ambayo haijafanyika.

Yapo pia mafaili ya kubadilisha muundo wa hifadhidata, ambayo Django, zana ya Python ya kujenga programu za wavuti, huyapa namba kuanzia 0001_initial.py. Namba zina uzuri wa barabara za Ngamiani: ukiwa Barabara ya Nane unajua kwamba ya tisa ndiyo inayofuata. Lakini wachangiaji wawili wakifanya kazi mbalimbali kwa wakati mmoja, kila mmoja atazalisha faili lake linaloanza na 0042, na itabidi mtu aandae faili la tatu la kuwapatanisha. Rails, zana kama hiyo ya lugha ya Ruby, iliachana na namba za mfululizo katika toleo la 2.1 la mwaka 2008, ikatumia muhuri wa tarehe na saa. Majina yakawa marefu na ya kuchosha macho, ila migongano ya namba ikapungua sana. Katika mradi wenye watu wengi ningechagua muhuri wa saa bila kusita.

Anayetaka kuijua kanuni ya mradi asitegemee waraka wa mwongozo peke yake, kwa sababu mara nyingi waraka husema yale ambayo mradi ulitamani yawe. Aangalie mafaili yaliyoongezwa karibuni; amri ya git log --diff-filter=A --name-only humwonyesha hayo, ya karibuni yakitangulia. Mafaili ya zamani yanaweza kuwa yamebaki na utaratibu uliokwisha kuachwa. Mfano ni Blink, injini ya Chromium ya kuonyesha kurasa za wavuti, iliyojitenga na injini ya WebKit mwaka 2013: mafaili yake yaliendelea kwa miaka kadhaa kuitwa kwa mtindo wa WebKit, wa herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno, hadi yalipobadilishwa kwa wingi yafanane na Chromium nzima. Kazi ya namna hiyo hufanywa na wenye mradi, kwa programu ndogo maalumu na kwa tarehe iliyotangazwa, si na mgeni aliyechukizwa na jina moja.

Ikiwa kweli faili linapaswa kubadilishwa jina, na wenye mradi wamekubali, jina libadilishwe peke yake katika badiliko linalojitegemea. Git haiandiki popote kwamba faili hili lilikuwa likiitwa vile; hulinganisha yaliyomo na kukisia, na kwa kawaida hutaka ufanano usiopungua asilimia 50. Mtu akibadilisha jina na papo hapo akaandika upya sehemu kubwa ya msimbo, Git huona faili moja limefutwa na jingine limezaliwa, na anayetumia git log --follow baadaye kutafuta kwa nini mstari fulani uliandikwa hukomea hapo. Ikiwa kinachobadilika ni herufi kubwa kuwa ndogo tu, kwenye Windows na Mac ni salama zaidi kupitia jina la muda, kwa git mv mbili, kisha kuhakikisha kwa git ls-files kwamba jina lililosajiliwa ni lile lililokusudiwa. Marekebisho ya ndani yatumwe kwa badiliko la pili, baada ya lile la kwanza kupokelewa.