Zaburi Ndani ya Kibanda cha Video

Jumapili iliyopita, katika ibada ya shukrani ya shangazi, msomaji alipofika kwenye "bonde la uvuli wa mauti", akili yangu iliondoka kanisani ikarudi kwenye benchi la mbao, katika kile kibanda cha video cha nyuma ya gulio, ambako mimi na kaka yangu tulikuwa tukimsikiliza DJ akitafsiri filamu ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameitazama.

Aliichukua kwa sababu ya jina. The Elephant Man, filamu ya David Lynch ya mwaka 1980, ilimpa matumaini ya zimwi, na mlangoni akaandika kwa chaki kwamba usiku huo angeonyeshwa mtu aliyezaliwa nusu tembo. Tulilipa, tukajaa. Kumbe ilikuwa picha isiyo na rangi, ya polepole, kuhusu London ya enzi za Malkia Victoria na mtu aitwaye John Merrick, ambaye uvimbe ulimharibu kichwa na mwili, akawa anaonyeshwa kwa kiingilio hadi daktari Frederick Treves alipompeleka hospitalini. Lynch anauficha uso wa Merrick kwa muda mrefu, mara ndani ya gunia lenye tundu la jicho moja, mara nyuma ya pazia, na pale kibandani watu wakaanza kudai waonyeshwe walichokilipia. Ulipoonekana hatimaye, muuguzi alipiga yowe, nasi tukaangua kicheko, kwa kuwa DJ alikuwa amempa Merrick sauti ya puani ya kuchekesha.

Kisha akaja mkuu wa hospitali, Carr Gomm, kuhakikisha kama mgonjwa huyo ana akili timamu, maana hospitali haikuwa mahali pa kuwaweka wasioponyeka. Treves alikuwa amemfundisha sentensi chache pamoja na mwanzo wa Zaburi ya 23. Merrick akazirudia, akakwama, na mkuu akaondoka akiamini kwamba ameonyeshwa kasuku. Walipokuwa nje, sauti ikasikika kutoka chumbani ikiendelea na zaburi. DJ alianza kwa sauti ileile ya puani, "Naam, nijapopita kati ya bonde", halafu mzaha ukamwishia mdomoni, kwa sababu hapakuwa na cha kutafsiri: maneno hayo aliyajua tangu utotoni, kama wengi wetu. Mama wa karanga aliyekaa mlangoni, ambaye sidhani kama alikuwa akitazama, akamalizia, "gongo lako na fimbo yako vyanifariji". Benchi la mbele likaitikia, kisha la kwetu, na tulipofika "nami nitakaa nyumbani mwa Bwana milele" DJ alikuwa akisema kwa sauti yake mwenyewe, sauti nyembamba ya kijana ambayo hatukuwahi kuisikia kupitia kipaza sauti kile. Kwenye skrini Treves alikuwa akirudi mbio, kwani sehemu hiyo hakuifundisha yeye.

Yaliyofuata, stesheni, ukumbi wa maonyesho na kifo, yalipita bila mtu kudai chochote.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Merrick wa kweli. Aliitwa Joseph, "John" lilitoka katika kumbukumbu za Treves zilizochapishwa mwaka 1923. Alizaliwa Leicester mwaka 1862, alijua kusoma kabla ya kumwona daktari huyo, na mwaka 1884 aliwatafuta mwenyewe watu wa maonyesho ili aiache nyumba ya maskini. Kilichomhakikishia kitanda, hadi alipofariki mwaka 1890 akiwa na umri wa miaka 27, ni michango iliyomiminika baada ya Carr Gomm kuandika barua katika gazeti la The Times.

Katika filamu ni zaburi iliyomwokoa, na kibandani pia ni zaburi iliyotunyamazisha, jambo ambalo hunikera kila ninapolifikiria. Uso ulikuwa uleule dakika tano kabla, na hofu yake muuguzi alipopiga yowe ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Je, kama asingejua aya hata moja? Kaka yangu husema ninajisumbua bure, kwamba kila mtu huombwa kitambulisho mlangoni na Merrick alikuwa nacho. Namkubalia nusu. Nusu nyingine huniuliza ni nani aliyetuweka sisi mlangoni, ilhali tulikuwa tumeingia kwa tiketi.