Hakuna Amsikiaye

Mada ile niliichagua mwenyewe, na sababu iliyonifanya niichague haikuwa ya kitaaluma. Nilipokuwa na umri wa miaka 16, katika mkesha mmoja wa maombi, wazee wa kanisa walituzunguka sisi vijana ambao ilisemekana hatujajazwa Roho, wakatuwekea mikono vichwani na kutuagiza turudie neno “Haleluya” upesi upesi, bila kukoma, mpaka ulimi ubadilike wenyewe. Karibu na alfajiri ulimi wangu uliteleza, ikatoka silabi moja isiyo na maana, ikafuatwa na nyingine, na watu wakashangilia. Mimi sikushangilia. Tangu usiku ule nilibeba swali ambalo sikuthubutu kumwuliza mtu: nilipewa kile kilichotoka kinywani mwangu, au nilikitengeneza kwa uchovu na kwa hofu ya kubaki nyuma ya wenzangu?

Kwa hiyo, nilipofika mwaka wa pili wa masomo ya theolojia na kutakiwa kuwasilisha mada mbele ya darasa, niliandika juu ya asili ya kunena kwa lugha katika Ukristo. Hitimisho nilikuwa nalo kabla sijafungua kitabu hata kimoja. Nilitaka kuthibitisha kwamba jambo hili liliingia kanisani kutoka katika dini za Kigiriki, ili usiku ule unitoke moyoni.

Hoja yenyewe ilikuwa na wafuasi wa miaka mingi miongoni mwa wasomi wa Agano Jipya. Barua ambayo Paulo anazungumzia kunena kwa lugha kwa kirefu ilikwenda Korintho, na ng'ambo ya ghuba inayoitwa kwa jina la mji huo ilikuwapo Delphi, mahali pa ibada ya Apollo, ambako kuhani wa kike aliyeitwa Pythia alitoa maneno ya mungu wake akiwa amepandwa na pepo. Paulo mwenyewe anawakumbusha Wakorintho kwamba zamani waliziandama sanamu. Niliunganisha mambo hayo mawili na kuona kazi imekwisha.

Niliisoma mada yangu kwa sauti ya kujiamini. Nilipita kwa Montano wa Frigia, ambaye katika karne ya 2 alitabiri akiwa amerukwa na fahamu zake, na kanisa likaukataa unabii wake. Nikamtaja askofu Ireneo, aliyeandika katika karne hiyohiyo kwamba wamesikika ndugu kanisani wakinena lugha za kila namna kwa Roho. Nikamtaja mhubiri Yohane Krisostomo, aliyekiri mwishoni mwa karne ya 4 kwamba sehemu hiyo ya barua ya Paulo ni ngumu kueleweka kwa sababu mambo yanayosemwa humo yalikuwa yamekoma. Kisha nikavuka karne nyingi kwa sentensi mbili na kutua Topeka, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, ambako tarehe 1 Januari 1901 mwanafunzi Agnes Ozman alinena kwa lugha katika shule ya Biblia ya mhubiri Charles Parham.

Nilipomaliza, mchungaji mmoja mtu mzima aliyekuwa akisoma nasi aliinua mkono. Alikuwa Mpentekoste, mtu wa maneno machache, na Biblia yake ilikuwa imelegea mgongo kiasi kwamba aliifunga kwa utepe wa kitambaa. Nilijiandaa kujibu hasira, lakini hakuwa nayo.

“Mwanangu,” alisema, “hayo majibu ya Delphi tunayajuaje leo?”

Nikamjibu kwamba yaliandikwa na watu kama Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, na kwamba mengi yalikuwa ya kishairi.

“Kwa lugha gani?”

“Kwa Kigiriki, Mchungaji.”

“Basi yalisikika.”

Sikuelewa anakokwenda. Akaniomba nisome Matendo ya Mitume 2:6, nikasoma kwamba kila mmoja aliwasikia wakisema kwa lugha yake mwenyewe. Akaniomba nisome 1 Wakorintho 14:2, nikasoma kwamba anenaye kwa lugha hasemi na watu, bali husema na Mungu, maana hakuna amsikiaye. Nikanyamaza. Mistari hiyo nilikuwa nimeisoma mara nyingi, lakini sikuwa nimewahi kuiweka pamoja. Huku kila mtu anasikia, kule hakuna anayesikia. Wala hatuhitaji kufafanuliwa maana ya neno hilo, kwa sababu tukimwuliza mgeni kama anasikia Kiswahili hatuulizi habari za masikio yake.

Mhadhiri akaniambia nifungue Agano Jipya la Kigiriki. Kitenzi kilikuwa kimoja katika sehemu zote mbili, *akouo*, nacho, kama *kusikia* kwetu, hubeba sauti pamoja na maana. Nilipokuwa bado nimeinamia ukurasa ule wa Matendo nikaona jambo jingine ambalo tafsiri yetu hailionyeshi. Sisi tuna *ulimi* na tuna *lugha*, lakini kwa Mgiriki neno moja, *glossa*, hubeba maana zote mbili. Ndimi za moto za mstari wa 3 na lugha nyingine za mstari wa 4 ni neno lilelile. Mtu wa Korintho aliposikia habari za kunena kwa *glossa*, hakulazimika kufikiria lugha ya taifa lolote. Angeweza kufikiria ulimi tu, ulimi unaokwenda.

“Kati ya vitabu hivyo viwili,” mhadhiri aliuliza, “kipi kiliandikwa kwanza?”

Jibu nilikuwa nalo kichwani tangu mwaka wa kwanza, ila sikuwa nimelitumia. Paulo aliwaandikia Wakorintho katikati ya miaka ya 50, na wataalamu wengi huweka Matendo kati ya mwaka 80 na 90. Katika mada yangu nilikuwa nimeanza na Pentekoste, siku ile ya Matendo 2, kwa kuwa tukio lenyewe husimuliwa kuwa la kwanza, na kwa kuwa katika Biblia kitabu cha Matendo hutangulia. Lakini ushahidi wa kale zaidi ulioandikwa si ule wa umati uliosikia. Ni ule wa chumba cha ibada ambamo watu walinena bila kueleweka, wakahitaji mtu wa kufasiri, na Paulo, anayemshukuru Mungu kwamba yeye hunena kwa lugha kuliko wote, akataka wanenaji wawe wawili au watatu tu, tena kwa zamu.

Delphi ikaniponyoka mikononi palepale. Kama Pythia alitoa maneno yaliyoeleweka, naye mnenaji wa Korintho hakueleweka hata na ndugu zake, basi nilikuwa nimelinganisha vitu viwili kwa sababu ya ukaribu wa ramani tu. Nilikumbuka pia maandishi ya Kiyahudi yaitwayo Wasia wa Ayubu, ambamo binti watatu wa Ayubu wanamsifu Mungu kwa lugha ya malaika. Nilikuwa nimeyapitia maktabani na kuyaacha kwa makusudi, kwa sababu hayakunisaidia. Naye Paulo anataja lugha za wanadamu na za malaika. Hadi leo naona kwamba mizizi ya jambo hili ni vyema kuitafuta kwanza katika sala za Wayahudi, ndipo tuende kwenye mahekalu ya Wagiriki.

Hata ukurasa wangu wa Topeka ulibadilika sura. Nilikuwa nimeuandika ili kuaibisha. Parham na wafuasi wake waliamini kwamba wamepewa lugha halisi za mataifa, na baada ya uamsho wa Mtaa wa Azusa mjini Los Angeles, ulioanza mwaka 1906 chini ya William Seymour, baadhi yao walisafiri hadi India na Uchina wakitarajia kuhubiri bila kujifunza lugha za huko. Wenyeji hawakuwasikia. Ila wengi hawakuacha kunena. Walianza kusema kwamba ni lugha ya maombi. Walitoka nyumbani wakiwa na Matendo mkononi, wakajikuta wamefika Korintho, na wakakaa huko.

Mchungaji yule hakukubaliana nami katika yote. Alishikilia kwamba karama ni moja, na kwamba Pentekoste ilitangulia hata kama Luka, mwandishi wa Matendo, aliandika baadaye, kwa maana tukio halizaliwi siku linapoandikwa. Hoja hiyo ina uzito, na sikuwa na jibu la kuiangusha.

Wenzetu walipotoka nilibaki naye, nikamweleza habari za mkesha ule, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa juu ya ile Biblia.

“Wazee wale walikukosea,” alisema. “Roho humgawia kila mtu kama apendavyo Yeye, halafu wao wakataka kugawa.” Akanikumbusha kwamba Paulo, mwishoni mwa sura ya 12, anauliza kama wote hunena kwa lugha. Nikamwambia kwamba katika Kigiriki swali hilo limeulizwa kwa namna inayongojea jibu la hapana. Akatikisa kichwa taratibu, akaniuliza kama nina hakika, nikamwonyesha lile neno dogo *me* linaloongoza swali.

Akafungua utepe, akafika kwenye sura ya 14, akaniomba nimwandikie *akouo* kwa herufi za Kigiriki. Nilichana kipande cha karatasi kutoka ukurasa wa mwisho wa mada yangu, nikamwandikia. Alikitazama kwa muda, akakiweka kati ya kurasa, akaufunga tena ule utepe.