Duka langu la kanga limepitishwa

Nimekubaliwa jamani. Akaunti yangu ya muuzaji kwenye soko la mtandaoni imepitishwa leo, duka linaonekana, mtu yeyote mwenye apu ya hilo soko anaingia anachagua doti yake analipa na mzigo unamfuata alipo, bila kuniandikia kwanza "dada bei gani". Nilivyosoma meseji nilishukuru kwa sauti hadi mdogo wangu akatoka jikoni kuja kuuliza kuna nini. Nataka niandike leo leo furaha ikiwa bado ya moto, kwa sababu kuna wauzaji wenzangu wengi wanaliona jambo hili la kuomba akaunti kama usumbufu wa makaratasi tu na mi naliona tofauti kabisa.

Mnaonijua mnajua nilipoanzia. Status za WhatsApp, kisha Instagram, kanga na vitenge nachukua kwa bei ya jumla Kariakoo mtaa wa Uhuru, narudi nyumbani napiga picha naposti. Biashara ya inboksi inalisha watu wengi sana hapa mjini na sitakuja kuidharau. Ila kuna sehemu inachosha ambayo mtu asiyeuza haioni, nayo ni kuaminika. Mteja wa Dar ni rahisi, boda anafika mlangoni, anakagua, analipa, imeisha. Kazi ipo kwa yule wa Songea au Bukoba ambaye hajawahi kuniona. Kanga kaipenda, hela anayo, ila anaogopa, na ana haki ya kuogopa maana kila mtu ana shangazi au rafiki aliyetuma hela akasubiri mzigo wee mwisho wa siku akakuta kablokiwa. Basi anaanza: nitumie picha umeishika mkononi, nitumie voisi nisikie sauti yako, nipe namba ya mtu uliyewahi kumuuzia. Yote hayo kwa doti ya elfu 15. Na mimi huku naogopa vilevile, kwa sababu nikimwambia utalipa ukipokea, nipeleke parseli stendi ya Magufuli nimkabidhi kondakta, mzigo ufike mkoani halafu mwenye nao azime simu, nauli ya kwenda na kurudi ni yangu mimi. Hapo wote wawili ni watu wazuri na biashara imekufa. Sisi tunaouza kihalali tumelipia dhambi za matapeli kwa miaka, kila siku, meseji moja moja, na hicho kitu kinaniuma.

Ndo maana niliomba. Kwenye hili soko hela ya mteja inakaa kwao mpaka athibitishe kwamba mzigo umefika na ndo ule aliouona kwenye picha. Mimi nafunga mzigo nikijua hela ipo, yeye analipa akijua sijaishika bado. Hatuhitaji kujuana wala kuulizana umekulia wapi.

Sasa kabla hujakubaliwa wanakuchambua kweli. Namba ya NIDA zile tarakimu 20, selfi ya kugeuza kichwa kushoto kulia ili wajue ni mtu hai sio picha ya picha, TIN ya TRA (ambayo kuipata hulipii hata shilingi, nalisema hili kwa sababu bado kuna watu mtaani wanachajiwa hela eti watafutiwe). Kilichonikwamisha ni majina. Lipa namba yangu inasoma jina la duka, NIDA inasoma jina langu mwenyewe, mfumo ukauliza huyu na huyu wanahusiana vipi, na kwakweli ni swali zuri, hata mimi ningekuwa mteja ningeuliza. Jibu lake ni cheti cha jina la biashara cha BRELA, wale wanaosajili biashara, maana kinabeba yote mawili, jina la duka na jina la mwenye duka. Unasajili mtandaoni hukohuko, hupangi foleni popote. Nilipokiweka kile cheti, swali la majina likafutika.

Mama yangu alikuwa na swali lake. Akasema mwanangu unawapa watu usiowajua uso wako na kitambulisho chako, wakija kukifanyia mambo mengine je? Sikumjibu juujuu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akwambie anazitaka za nini na asizitumie kwa jambo jingine. Nikakaa nikasoma yale masharti yao marefu mpaka mwisho, nikaangalia wapi wanasema wanatunza nini, ndo nikapiga selfi. Nashauri kila anayeomba asome, hata kama macho yatauma.

Halafu zikaja picha, na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Sharti ni kwamba picha iwe ya kwako, isiwe ya kuchukua kwa msambazaji, isiwe na namba ya simu wala maneno ya matangazo juu yake. Nalikubali kwa asilimia zote, maana picha moja ya kitenge unaikuta kwenye kurasa za watu kibao na wengine hawajawahi hata kukigusa. Nikatoa kanga uani, nikazitandika juu ya mkeka, moja nimeikunjua yote uone pindo na mji (ile sehemu ya katikati), nyingine nimeikunja ili jina, yaani yale maneno yaliyochapwa kwenye kanga, lisomeke vizuri, kwa sababu mteja wa kanga anasoma jina kwanza ndo anaangalia rangi. Nikapakia. Zikarudi zote, sababu: picha ina maandishi ya tangazo. Nikazitazama tena, natafuta tangazo liko wapi. Kumbe mashine imesoma WEMA HAUOZI ikadhani nimeandika mimi juu ya picha!

Nilikaa na simu mkononi nikiwa na huzuni ambayo sikuitegemea. Kanga bila jina nitamuuzia nani? Mtu ananunua doti ampelekee wifi yake, au mama mkwe, au jirani waliyekosana, na ujumbe wenyewe ndo uko pale chini ya mji. Ukinilazimisha nipige picha nikificha jina umenitoa kwenye biashara ya kanga umeniweka kwenye biashara ya vitambaa. Ningeweza kukubali yaishe, nikaweka vitenge peke yake, lakini niliona hapana, hili lazima mtu alisikie. Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa Kiswahili cha taratibu kabisa, kwamba hayo maneno yamechapwa kiwandani, ni sehemu ya nguo, hakuna kanga ya kawaida utakayoikuta haina, na kwamba wauzaji wa kanga Tanzania na wa leso, kama wanavyoiita kanga kule Mombasa, wote watakwama palepale nilipokwama mimi. Nikaambatanisha picha ya karibu sana, kidole changu kimeshika pale kwenye herufi, unaona kabisa nyuzi za pamba zinapita ndani ya wino.

Nikajibiwa na mtu. Naamini ni mtu kwa sababu alianza na "pole dada", akasema ameiona, amewaelekeza wenzake, nipakie upya. Nikapakia zilezile, zikapita, na leo akaunti nzima imepita. Sijui kwa wengine ila kwangu hiyo "pole dada" ina uzito, maana kuna mahali kwenye huu mfumo wote bado kuna binadamu anayejua kanga ni nini.

Maelezo ya bidhaa nimeyaandika jana usiku nikitegemea heri, na nimeandika kila kitu ambacho huwa naulizwa inboksi. Upana na urefu nimepima kwa tepu moja moja. Inachuja? Nimeandika ukweli, kwamba hii nyekundu ifuliwe peke yake mara ya kwanza kwa maji ya baridi, na kwamba kanga ikiwa mpya ni ngumu kwa sababu ya wanga, ukifua inalainika. Wateja niliowauzia kitambo wanasema kwanini unaandika mabaya ya bidhaa yako. Siyo mabaya hayo, mtu akijua mapema harudishi mzigo. Kurudisha nimeweka inaruhusiwa kama doti haijakatwa, haijapindwa wala kufuliwa, hiyo tu.

Na bei iko wazi. Najua kwanini wengi tunaandika "bei DM": unaogopa mwenye duka la jirani akuchungulie ashushe mia tano, au unapenda kumsoma mteja kwanza. Mi nadhani kwa mteja anayekuona kwa mara ya kwanza bei iliyofichwa inamwambia jiandae kupigwa. Soko hili linalazimisha bei ionekane na ningeiweka hata wasingelazimisha.

Kamisheni wanakata, ndiyo, kwenye kila oda. Nimepiga hesabu na mdogo wangu mezani, kamisheni, mfuko wa kufungia, boda wa kupeleka mzigo pale wanapokusanyia, na faida inabaki ndogo kuliko ya kumuuzia mtu mkononi, lakini oda moja haitanila tena nusu siku ya kuchati nikijieleza mimi ni nani.

Walioniamini kwenye DM tangu mwanzo naendelea nao kama kawaida, vikoba vyenu na sare za shughuli tutaongea palepale tulipozoea, na bei ni ileile pande zote mbili, sitapandisha huku ili nifidie kule. Kesho jua likitoka napiga picha za kanga nyingine kwa wenye harusi mwezi ujao, na maandishi safari hii nawaachia wao wayasome.