Wameru walipoipeleka serikali Umoja wa Mataifa

Wiki hii nimezama kwenye habari za kesi ya ardhi ya Wameru wa Arusha, na hadi sasa roho inaniuma. Mwaka 1951 Waingereza waliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili walowezi wachache wa Kizungu wapate mahali pa kufugia ng'ombe. Wakaambiwa wahamie Kingori na wapokee fidia. Wakakataa. Walichodai ni ardhi yao.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi walivyodai. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani Uingereza iliitawala chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mwananchi wa kawaida aliruhusiwa kupeleka malalamiko moja kwa moja Umoja wa Mataifa, bila kumpigia magoti gavana. Wazee wale walilijua hilo! Wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Japhet Kirilo akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kule New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Nyerere alifika huko 1955. Kwa nini shuleni jina la Kirilo tulilipita haraka hivyo?

Kwenye Baraza Kuu, azimio la kuwarudishia ardhi halikufikisha theluthi mbili ya kura. Kirilo akarudi nyumbani, akazunguka mikoani akiwaeleza watu kesi ilivyokwenda, na waliomsikiliza hawakuwa Wameru peke yao. Mwaka 1954 TANU ikazaliwa.